Basi Lenye Kwikwi

Kila alfajiri, kabla ya wanafunzi wengine kufika kituoni, Chiriku alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha basi la shule, mkoba mapajani, akimtazama baba yake akifuta kioo. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake alikuwa dereva wa basi hilo, na papo hapo fundi wake. Zamani kazi hizo zilikuwa za watu wawili. Wakubwa wa shule wakamwondoa fundi, wakasema wanabana matumizi. Aliyebanwa ni dereva. Wao hawapandi basi.

Lilikuwa basi kuukuu lenye giaboksi ya otomatiki, yaani gia hujibadili zenyewe bila dereva kushika kitu. Lakini wiki hiyo zilijibadili zilivyotaka. Kila lilipotaka kuingia gia ya tatu, basi lilisita, injini ikanguruma bure, kisha likaruka mbele kwa kishindo hadi vichwa vya watoto vikayumba kama vibuyu.

"Basi la babako lina kwikwi!" alipaza sauti mvulana wa kiti cha nyuma, aliyeitwa Kipaza. "Lipe maji, Chiriku!"

Basi zima likaangua kicheko. Chiriku akaukumbatia mkoba wake, akakaza macho barabarani.

Ajabu ni kwamba mchana, wakati wa kurudi, basi lilikwenda laini kama limepakwa sabuni. Asubuhi mgonjwa, mchana mzima. Hakuna aliyeelewa.

Meneja wa usafiri hakuwa na haja ya kuelewa. Alimsimamisha baba uani, mbele ya Chiriku.

"Umeiua giaboksi kwa mguu wako mzito," alisema. "Ijumaa ikifika basi halijapona, litauzwa chuma chakavu, nawe utafute kazi kwingine."

"Bosi, nipe nafasi niutafute ugonjwa."

"Ugonjwa ni wewe."

Nyumbani walikuwa wawili tu tangu mama afariki. Kazi ya baba ndiyo iliyokuwa paa lao na sufuria yao. Walipokuwa wakitembea kurudi, Chiriku aliuliza, "Baba, kweli giaboksi imekufa?"

"Kilichokufa hakifufuki kila mchana, mwanangu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa."

Kesho yake baba aliliegesha basi mahali tambarare, akaiacha injini ikinguruma hadi ikapata moto, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Mafuta yalifika kwenye alama. Alimwita Chiriku ayanuse.

"Giaboksi ikiungua, mafuta huwa meusi, yananuka kama ukoko. Haya je?"

"Mekundu. Hayanuki kitu."

"Basi itakuwa baridi. Asubuhi mafuta huwa mazito."

Alfajiri iliyofuata aliipasha injini moto kwa muda mrefu kabla ya kuondoka. Wapi! Basi liliruka kama jana, na Kipaza akauliza kama leo limekunywa maji.

Mchana huo mvua kubwa ilinyesha wakati wa kurudi. Basi likaanza kuruka tena.

"Baba! Sasa ni mchana, na mafuta yana moto. Si ulisema ni baridi?"

"Nilisema. Nimekosea. Na wewe usiniumbue mbele ya abiria."

Mwanafunzi wa mwisho aliposhuka, mvua ilikuwa imekatika. Baba alizima waipa za kufutia kioo, akazima taa, akaliondoa basi. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, laini kabisa.

"Umefanya nini?" Chiriku aliuliza.

"Sijafanya kitu. Nimezima taa tu."

Wakatazamana.

"Hebu ziwashe, baba."

Aliziwasha. Basi likasita, kisha kishindo! Akazizima, likatulia. Baba akakuna kichwa.

"Taa na giaboksi? Hao hata si majirani!"

Walirudi uani na swali hilo. Baba alikaa kwenye ngazi ya basi, akaanza kulieleza kwa sauti, kama anayejifundisha mwenyewe. Giaboksi hupewa amri na kompyuta ndogo, na kompyuta hutaka umeme wa kutosha. Umeme hutoka kwenye betri, hufanya kazi, kisha lazima urudi kwenye betri kupitia chuma cha basi na waya mmoja mnene.

"Njia ya kurudi ikiwa finyu, taa zinagombania mlango mmoja na giaboksi," alisema. "Alfajiri tunawasha taa. Kwenye mvua, taa na waipa."

Alichukua waya mwingine mnene, akaufunga kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye chuma kitupu cha basi. Akawasha taa zote, wakazunguka uani. Basi halikuruka hata kidogo.

Baba akaingia chini ya basi, akaifungua nati iliyoshika ule waya wa zamani. Nyuma yake rangi ya buluu iling'aa, isipokuwa mahali padogo nati ilipoikwaruza. Wiki iliyopita shule ilitarajia mgeni mkubwa, na meneja aliamuru basi lipakwe rangi hadi uvunguni. Wanafunzi walipewa brashi.

"Baba, hapo nilipaka mimi," alisema Chiriku kwa sauti ndogo.

"Uliambiwa upake, ukapaka. Niliyeufungua waya ni mimi, na niliyeurudisha juu ya rangi ni mimi. Rangi haipitishi umeme. Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimechoka. Nikasema nitakwangua kesho."

Akaikwangua kwa msasa hadi chuma kikawa cheupe, akaurudisha waya, akakaza nati.

Ijumaa alfajiri basi lilikwenda na taa zake zote, kimya.

"Kwikwi imekwenda wapi?" alinung'unika Kipaza. "Nilishaanza kuizoea."

Meneja alikuwa anawangoja langoni. Chiriku akamvuta baba shati. "Mwambie rangi ilikuwa amri yake!"

Baba alivua kofia. "Bosi, giaboksi ni nzima. Ubovu ulikuwa kwenye waya. Niliufunga juu ya rangi bila kukwangua. Kosa ni langu."

Meneja alilitazama basi, kisha akamtazama baba. "Usirudie," alisema. "Endelea na kazi." Akaenda zake, bila kugusia rangi, wala kuomba radhi.

Chiriku alikuwa amefura. "Mbona hukumsema?"

"Ulimi uliniwasha, mwanangu. Wakubwa wana makosa tele, na hili nitamwambia siku yake. Lakini leo ningeanza na lake, langu lingejibanza nyuma yake, na kesho ningefunga waya mwingine vilevile. Ukitafuta ubovu, usiparuke mahali ulipopita mkono wako mwenyewe. Anza hapo, hata kama wakubwa hawaanzi."

Chiriku akashuka, akashika mlango wazi ili wenzake wateremke.