Wimbo wa Baba Kwenye Memori Kadi

Jumapili asubuhi nyumba yetu ya Makongeni haiwi kimya. Mama hukoroga uji, Frankline, kaka yangu, hupiga pasi shati, na redio ndogo ya memori kadi huimba dirishani. Zamani aliyeimba alikuwa Baba. Aliimba akinyoa ndevu, na majirani wa upande wa pili wakaitikia.

Baba, mzee Okumu, alifanya kazi reli miaka thelathini. Kwenye kwaya ya kanisa aliimba besi. Alitunga wimbo mmoja tu, na hakuuandika. Aliwafundisha wenzake ubeti wa kwanza, akaurekodi wimbo wote kwenye simu yake, kisha akaugua. Mwaka mmoja baada ya mazishi, kwaya iliomba kuuimba siku ya ukumbusho wake. Zilibaki siku tano. Ubeti wa pili haukujulikana na mtu yeyote. Ulikuwa kwenye simu ile tu.

Kwaya yetu hujifunza nyimbo kwa kuizunguka redio ndogo kama yetu. Mama akanakili wimbo kwenye memori kadi, akaitia redioni. Redio ikauruka.

"Redio hii inasoma MP3 peke yake," Frankline akasema. "Jina la wimbo wa Baba linaishia na M4A."

"Basi hiyo ni kazi ndogo," Mama akajibu. Alikuwa karani wa masjala. "Nimebadilisha majina ya faili miaka ishirini."

Akafuta herufi M4A mwishoni mwa jina la wimbo uliokuwa kwenye kadi, akaandika MP3. Redio ikauruka tena. Frankline akacheka.

"Mathe, hata ukiniandika Winny, bado nitakuwa na ndevu."

Winny ni mimi.

Frankline akapakua programu kwenye simu ya Baba. Akaubana wimbo uwe MP3 ndogo kabisa, wanakwaya wasimalize bando kuupokea. Kisha akafuta ule wa kwanza ili simu ipate nafasi. Tulipousikiliza, Baba alikuwa kama mtu anayeimba ndani ya mtungi. Ubeti wa pili ulikuwa mvumo tu. Frankline akaubadilisha tena, safari hii akachagua namba kubwa ya ubora wa sauti. Faili ikanenepa, sauti ikabaki vilevile.

Mama aliketi kitandani.

Kesho yake tulienda kwa Wavinya, anayetengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko. Tulimweleza yote.

"Frank, ukikata suruali iwe kaptura, unaweza kuirefusha tena?" Wavinya akauliza.

"Siwezi."

"Ndivyo ulivyofanya. M4A na MP3 zote hubana sauti. Hutupa vipande ambavyo sikio halivitambui sana, ili faili iwe ndogo. Ukibana kidogo, huenda usisikie tofauti. Ukibana sana, sauti inaharibika. Na kilichotupwa hakirudi, hata uchague namba kubwa namna gani."

"Kwa hivyo nimempoteza Baba," Frankline akasema polepole.

Wavinya akamgeukia Mama. "Ule uliobadilisha jina, uko wapi?"

"Uko kwenye kadi. Lakini niliuharibu, mwanangu."

"Hukuuharibu, Mama Frankline. Ulibadilisha jina tu. Ndani hakuna kilichoguswa."

Akachomeka kadi kwenye kompyuta, akarudisha M4A mwisho wa jina. Baba akakohoa. Kisha akasema, "Tena, msinikimbize," na kuanza kuimba. Sauti ilikuwa yake, nzito, kama yuko mlangoni.

Mama alifuta macho kwa leso, akamtazama Frankline. "Nani alikuwa anacheka nyumbani jana?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi utamletea Wavinya mandazi wiki nzima."

"Na yawe ya moto," Wavinya akasema.

Alimketisha Frankline mbele ya kompyuta afanye mwenyewe. Kwanza walinakili M4A mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye simu yangu. Kisha Frankline akafungua programu, akachagua MP3, akaweka namba 192, akahifadhi kama faili mpya.

"Hiyo ndiyo ya redio," Wavinya akasema. "Ukihitaji nyingine, anza na ile M4A kila mara, usianze na nakala. Na usiifute."

Redio ikaimba. Jioni hiyo kwaya waliizunguka, na jioni tatu zilizofuata.

Jumamosi, siku ya ukumbusho, Opicho wa kwaya na wenzake wa besi waliimba ubeti wa pili bila kukosea. Katikati ya mstari wa mwisho wakanyamaza ghafla, wote pamoja, wakahesabu mbili, wakaendelea. Ni pale ambapo Baba, akirekodi, alisimama kumeza chai. Walijifunza kila kitu.

Mama alicheka kwa sauti katikati ya ibada, na mchungaji akamwacha acheke.