Anayekanda Unga Jikoni

Mama mkwe wangu alinituma dukani saa ya magharibi, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia.

"Lete unga wa rai," alisema. "Ule mweusi. Mweupe haupendi."

Haupendi nani? Lakini mkwe hahojiwi mlangoni. Nikavaa viatu nikaenda.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Alianguka kazini, kwenye wodi alikokuwa muuguzi, na hakuamka tena. Mtaani walimwita Mchachu kwa sababu ya mikate yake. Siku za mapumziko alijifungia jikoni akijaribu mikate ya chachu ya kufuga mwenyewe: unga na maji kwenye chupa pana ya kioo, anailisha unga mpya kila jioni mpaka inatoa mapovu na kuumuka yenyewe, bila hamira ya dukani. Mikate ya kwanza ilitoka migumu hadi jirani yetu, fundi uashi, akauliza bei ya tripu moja ya lori, kama matofali. Mchachu alicheka mpaka akakaa chini. Hakukata tamaa. Akahamia kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi ambayo unga wake mweusi unanata vidoleni kama gundi, na Jumapili moja akatoa mkate mzito, mweusi, mchachu kidogo, mtamu kidogo. Tuliula kwa siagi tukiwa wima, hata haujapoa. Watoto hatukujaliwa. Tulikuwa sisi wawili na chupa yetu.

Baada ya mazishi mama yake alibaki nami. Nilishukuru, maana nyumba ilikuwa imenizidi ukubwa. Yeye ndiye aliyeendelea kuilisha ile chachu. Nikasema moyoni, mwache, kila mtu ana namna yake ya kulia.

Muuza duka alipima unga taratibu, akafunga mfuko, lakini hakunipa.

"Shemeji, nani anaoka kwako siku hizi?"

"Mama mkwe."

"Mh." Akainama karibu yangu. "Jana jioni wewe ulikuwa bado kazini. Mama alikuwa hapa, kakaa kwenye hilo benchi. Na harufu ya mkate ilikuwa inatoka kwenu. Nikamwuliza nani yuko jikoni. Akacheka tu."

Nilirudi mbio.

Mlango wa mbele ulikuwa nusu wazi. Ndani giza. Harufu ilinipokea kizingitini: uchachu, kama wa matunda yaliyoiva kupita kiasi... na chini yake, harufu ya udongo mbichi.

Halafu nikasikia.

Puf... puf... puf...

Unga unakandwa. Unainuliwa, unabwagwa mezani, unasukumwa kwa kiganja.

"Mama?" niliita kuelekea jikoni.

"Niko hapa, baba."

Sauti ilitoka nyuma yangu.

Alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kochi, mikono mapajani. Mikono mikavu. Safi.

Puf... puf...

"Weka huo mfuko, uje ukae," alinong'ona. "Usiende kule. Sikiliza tu. Mimi huwa nasikiliza tu."

"Nani yuko jikoni, mama?"

Akatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimeliona tabasamu lake.

"Kwani humjui mkandaji wako?"

Nilipiga magoti mbele yake, nikamwomba aniambie amefanya nini. Alijibu kwa utulivu, kama mtu anayetoa maelekezo ya mapishi. Kuna mwanamke mmoja, hakumtaja, alimwonyesha njia. Nywele za mwanawe zilizobaki kwenye kitana alizitia ndani ya chachu. Na tone la damu yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyomzaa. Kisha kulisha kila jioni, na kutochungulia.

"Kuna ubaya gani?" aliuliza. "Wenzangu wanazikwa na watoto wao. Mimi nimemzika wangu. Nimeomba kumsikia tu, baba. Kumsikia tu."

Nikainuka.

"Usiende!"

Nikaenda.

Alikuwa amenipa mgongo. Gauni lilikuwa lile tulilomzika nalo, viwiko vimejaa unga. Mabega yalipanda na kushuka, yale yale, bega la kushoto likitangulia kidogo. Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kumkumbatia, na sijui kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

"Umechelewa na unga," alisema.

Sauti yake. Yake kabisa.

"Mke wangu..."

"Usinigeuze. Usoni hapajawa vizuri."

Nikasogea. Nikaweka mkono begani pake. Mungu wangu, nilikuwa na hamu sana ya kumgusa! Bega lilikuwa la baridi, laini... laini mno. Vidole vyangu vilizama. Nilipoutoa mkono, mashimo yalibaki, kisha yakaanza kujaa polepole, kama donge la unga ulioumuka likibonyezwa.

Nilijiziba mdomo.

"Mikono yangu imechoka," alinong'ona.

"Basi pumzika."

"Nitapumzikaje? Mama ananilisha kila jioni. Anayelishwa halali. Namwambia aache, hanisikii. Anasikia kishindo cha meza tu." Akanyamaza. Mikono haikunyamaza. "Wewe unanisikia. Unimwage."

"Nikikumwaga utaenda wapi?"

"Kulala."

"Na mimi?"

Puf... puf... Nililia nikiwa nimesimama nyuma yake, na yeye akakanda, kama zamani tulipogombana na hakuna aliyetaka kuanza kusema.

Chupa ilikuwa kando ya jiko, chachu imefura mpaka mdomoni, inapumua. Niliinjika birika. Mama alisikia sauti ya gesi, akaja akipapasa ukuta, macho ameyafumba ili asichungulie.

"Unafanya nini?"

"Anaomba tumwache, mama. Anasema amechoka."

"Muongo! Unataka nafasi uoe mwingine!" Akaikamata chupa, akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. "Mwanangu hajawahi kunikimbia!"

Mkwe hashikwi mkono. Mimi nilimshika. Nilimfungua kidole kimoja kimoja, naye akinisihi, akiniita baba, akiniita mwanangu, mwisho akiniita muuaji. Nilimwaga chachu kwenye sinki, nikamimina maji yanayochemka juu yake.

Ilitoa sauti. Sisemi ilikuwa sauti ya nini.

Nilipogeuka, mezani palikuwa na donge la unga mweusi, na jikoni hapakuwa na mtu ila mimi na mama, ambaye alikuwa amefumbua macho.

"Hata uso wake sikuuona," alisema. "Na kusikia umeninyima."

Aliondoka asubuhi, akaenda kwa mwanawe wa kiume, dereva wa malori ya safari za mbali. Hakuniaga.

Nilimpigia mara nyingi, hakupokea. Jana nikapiga simu ya nyumbani kwa huyo mwanawe. Alipokea dada wa kazi, mgeni pale, hatujawahi kuonana.

"Bibi hajambo," alisema. "Siku hizi anakula vizuri. Ila huyu dada aliyekuja naye ana haya! Kutwa yuko jikoni na unga wake, ukimsemesha hageuki."

Chachu ni kama moto, kijiko kimoja cha kuazima kinatosha kuwasha nyingine. Mama alikuwa amekwisha kuchota chake na kukificha zamani, kabla sijaimwaga.

"Haloo? Shemeji?"

Nilipaswa kumwambia atoke humo ndani. Nilipaswa kupiga kelele.

"Hajambo lakini?" niliuliza. "Huyo dada... anaonekana hajambo?"

"Anaonekana amechoka," alisema. "Lakini jana alikuulizia."

Nimeshafunga begi, liko mlangoni. Sijui kama naenda kummwaga mara ya pili, au naenda kukaa kwenye kochi, kando ya mama, tumsikilize.