Kadi za Mkono wa Kushoto

— Umebadilisha jina, umebadilisha mji, hata mwandiko umeubadilisha. Ulimi ndio umekushinda, Tokiko.

Aliyasema hayo akiwa amezikamata nywele zangu kwa mkono mmoja, uso wangu ameubana juu ya kaunta. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, katika duka la Bibi Kuwata la manga za mtumba, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, mjini Morioka, na nje watu walikuwa wanapita na miavuli yao kama kawaida. Miaka mitatu hakuna aliyeniita Tokiko. Hapa wote wananijua kwa jina la Mihoko. Sikuhitaji kugeuka ili nimjue aliyenishika. Mkono wa Iwao, mwanamume aliyekuwa mume wangu, naujua kwa uzito wake.

Mkono wa pili ulikuwa na simu. Akaniwekea mbele ya jicho. Kwenye kioo palikuwa na picha ya kadi yangu mwenyewe.

— Soma.

— Iwao, tafadhali.

— Soma kwa sauti. Si unapenda watu wakusikie?

Nikasoma, mdomo ukigusa ubao wa kaunta. "Mji wa Chumvi, juzuu nne. Nyumba zote zimejengwa kwa chumvi, na kulia ni kosa la jinai, kwa sababu machozi ya mtu mmoja hubomoa ukuta wa jirani. Mchoraji hakupiga mstari hata mmoja, kila ukurasa ni nukta tupu. Ukiweka kitabu mbali unaona mji, ukikisogeza karibu unaona punje. Usikisome ukiwa unapika, utaunguza wali."

— Utaunguza wali, akarudia, halafu akaniinua kichwa na kukigongesha chini.

Pua ikapasuka. Nilisikia mlio wake kabla sijasikia maumivu.

— Japani nzima ina mwanamke mmoja tu anayemaliza hivyo, akasema. Usisome ukiwa na njaa. Usisome kwenye treni. Umevunjwa mkono wa kulia, ukaanza kuandika na wa kushoto, na bado umeshindwa kufunga mdomo.

Kila muuza vitabu huku huandika kadi kwa mkono na kuibandika kwenye rafu, ili mteja ajue kuna mtu amekisoma kitabu kile na amekipenda. Mimi nina ugonjwa wa kumaliza kadi kwa onyo. Na nina ugonjwa wa kupenda manga ambazo wengine hawazishiki, zile za michoro ya ajabu na dunia ambazo hazina ramani. Kule Hamamatsu, nilikofanya kazi zamani, Iwao alizisoma kadi zangu akaamua ni barua ninazowaandikia wanaume. Siku moja alinikalisha mezani, akachukua nyundo, akanivunja vidole vitatu, kimoja baada ya kingine. Kabla ya kila kidole aliniuliza hiki kilimwandikia nani. Nilikuwa sina jina la kumtajia. Mahakama ikanipa talaka, nami nikakimbilia kaskazini bila kumwambia mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuolewa na Iwao.

— Umenipataje? nikamuuliza.

— Muulize huyu.

Akasogeza picha kwa kidole gumba. Juu yake palikuwa na jina la aliyeituma, Birika Jeusi, na maneno: "Nendeni kwa Bibi Kuwata, Morioka. Nikisoma kadi za dada huyu nahisi nimekaribishwa ndani."

— Watu elfu arobaini wamependa, akasema Iwao. Na mimi nimekaribishwa.

Bibi Kuwata alitoka chumba cha nyuma na sinia la chai. Ana miaka sabini na mbili, kimo chake kinanifika begani. Hakupiga kelele. Alichukua birika akammwagia Iwao chai ya moto shingoni, kimya kimya kama mtu anayemwagilia ua. Iwao akaniachia, akaguna, akamsukuma yule mama kwa mikono miwili. Bibi Kuwata akaenda na rafu, rafu ikaenda naye, vitabu mia mbili vikamwangukia. Nikausikia mkono wake ukivunjika chini ya vitabu.

Iwao akageuka. Kwenye kaunta kulikuwa na kisu chembamba tunachochania nailoni za vitabu. Akakichukua. Akausukuma ubao wa kaunta, akaingia upande wangu.

— Leo nachukua na wa kushoto, akasema.

Hapo kengele ya mlango ikalia, akaingia Shunpei.

Huyo Shunpei ni fundi wa mabirika ya chuma, miaka thelathini na minane, mikono yake ina makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Jumanne karakana yao hupumzika, naye kila Jumanne alikuja kununua kitabu nilichokiandikia kadi, kimoja tu, na Jumanne ya pili alikuja kutoa taarifa. Ni mtu wa maneno machache mno. Kitabu cha kwanza nilichompa kilikuwa hichohicho Mji wa Chumvi. Wiki moja baadaye alisimama mbele yangu, masikio mekundu, akasema: "Nimeunguza wali." Nilicheka hadi nikakaa chini. Nadhani ndipo nilipompenda, ingawa kwa mwaka mzima sikulisema, wala yeye hakulisema. Tulikuwa tunapeana vitabu.

Aliona damu usoni pangu. Aliona kisu. Aliruka kaunta na mwavuli wake bado mkononi, akamvaa Iwao kifuani, wakaenda wote ukutani. Iwao akamchana mkono, kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja, mara moja, halafu mara ya pili. Damu ikaruka juu ya kadi zangu za wiki ile. Shunpei akakishika kisu chenyewe, makali kwa kiganja, na hakukiachia. Iwao akawa anampiga magoti tumboni, yeye hakiachii.

Chini ya kaunta kulikuwa na magazeti ya manga ya kila wiki, kumi pamoja, yamefungwa kwa kamba tayari kwa mtu wa karatasi taka. Kila moja nene kama tofali. Nikashika kamba kwa mkono wa kushoto, nikazungusha.

Pigo la kwanza lilimpata sikioni, akapiga magoti. La pili likamlaza. La tatu hakulihitaji, wala la nne, wala yaliyofuata. Nilimpiga mgongoni, nikampiga mikono aliyojikingia, na kila nilipopiga nilimuuliza hiki kilimwandikia nani. Nasema ukweli: nilifurahi. Iwao alikuwa analia, na mimi nilitaka aendelee kulia.

— Mihoko, akasema Shunpei kutoka sakafuni. Basi.

Nikaacha. Kamba ilikuwa imenikata kiganja.

Polisi walimchukua Iwao. Sisi watatu tukapelekwa hospitali. Bibi Kuwata alikuwa anamgombeza muuguzi kwamba duka limeachwa wazi. Shunpei alishonwa nyuzi thelathini na moja, akatoka amefungwa bandeji hadi begani, akakaa kwenye benchi karibu nami. Nikamwambia nina swali moja. Nikamwambia kuna mtu anajiita Birika Jeusi, ametuma picha ya kadi yangu duniani, na nitamtafuta hata kama ni kazi ya maisha yangu yote.



— Ni mimi.

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa.

— Rudia.

— Birika Jeusi ni mimi. Nilimuuliza Bibi Kuwata, akasema sawa, wateja watakuja. Nilitaka watu wajue upo.

Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili, la tatu, mbele ya wagonjwa na mzee mmoja mwenye gongo, na hakuinua hata mkono wake mzima kujikinga. Shavu lake lilivimba, na hilo likanikasirisha zaidi, kwa sababu Iwao naye alikuwa anapenda watu wasiojikinga.

— Miaka mitatu, nikamwambia. Miaka mitatu sikupiga hata picha ya chakula changu. Wewe umenianika kwa siku moja.

— Sikujua.

— Hukuuliza.

— Sikuuliza, akasema.

Nikaondoka nikamwacha pale.

Usiponijua utadhani nilimsamehe kesho yake. Sikumsamehe. Aliniandikia ujumbe kwenye simu: "Nimeifuta. Nimefuta zote." Nikamjibu: "Vidonda vyako umevifuta pia?" Akaandika: "Niambie nifanye nini." Nikaizima simu. Jumanne alikuja hadi nje ya duka, hakuingia, akasimama kwenye mvua kama nusu saa, akaondoka. Jumanne iliyofuata hivyohivyo. Mimi nilikuwa napanga vitabu, rafu zote hazina kadi hata moja. Nilizichana mwenyewe.

Bibi Kuwata, mkono umening'inia shingoni, alivumilia wiki tano.

— Ruhusa niliitoa mimi, akasema. Mbona mimi hunipigi makofi?

— Wewe ni mzee.

— Basi sikiliza mzee. Mwenye kosa ni yule aliyepanda treni kuja kuumiza mtu. Sisi wengine tulikuwa tunauza vitabu. Ukimgawia Shunpei kosa la Iwao, unampunguzia Iwao mzigo.

Nikamwambia hajui anachosema. Akasema inawezekana, akaniomba nimfungulie chupa ya dawa.

Iwao alihukumiwa miaka minne. Siku ya hukumu nilisikiliza, nikarudi nyumbani, nikatoa begi juu ya kabati. Miaka minne si mingi. Nilikuwa nimechagua mji mwingine, ng'ambo ya bahari, na jina jingine, na kazi ambayo haina maandishi: kuosha vyombo, kukunja mashuka. Kadi ndizo nilizokuwa nakwenda kuzipoteza, na nilijua vizuri. Nikiacha kuandika kadi nitakuwa salama, na Iwao atakuwa amemaliza kazi aliyoianza na nyundo.

Nilipitia dukani kurudisha ufunguo. Bibi Kuwata hakunibembeleza. Alisema Shunpei amerudisha kitabu alichonunua na hakutaka pesa, nikiweke mahali pake kabla sijaondoka.

Kilikuwa juzuu ya mwisho ya Watu Wenye Milango, kitabu nilichokiandikia kadi majira ya baridi. Ndani yake kila mtu huzaliwa na mlango mgongoni. Akitaka kulala anausimamisha popote alipo, anaufungua, anaingia. Michoro ni ya kuchonga, nyeusi na nyeupe tupu, kama mbao zilizopakwa wino, na ukurasa wa usiku ni mweusi wote isipokuwa tundu la ufunguo. Ndani ya jalada kulikuwa na kadi. Mwandiko mbaya, wa mtu ambaye mkono wake umeshonwa.

"Sijui kupendekeza vitabu. Hiki kina watu wenye milango. Weusi wake ni kama tanuri letu likizimwa. Juzuu ya tatu kuna mtu anaonyesha watu mlango wa mwenzake akidhani anausifia, na mwizi anaingia. Nililia hapo. Mchoraji hakuonyesha kama alisamehewa. Nimesoma mara sita, hajaonyesha. Usikisome ukiwa unafunga begi."

Nilikaa chini kwenye kapeti la duka, palepale rafu ilipomwangukia Bibi Kuwata, nikalia kama mtu asiye na jirani wa kubomolewa ukuta. Halafu nikaomba kalamu nene.

Niliishika kwa mkono wa kulia. Vidole vitatu havikunjiki sawasawa, herufi zilitoka kubwa na zimelala kama za mtoto. Ilinichukua saa nzima kumaliza, kisha nikabandika kadi kwenye kioo cha mlango wa mbele, upande unaotazama barabara, nikampigia Shunpei simu.

— Uko wapi?

— Hapa nje.

Ilikuwa Jumanne. Nikafungua mlango. Alikuwa amesimama na mwavuli, akaisoma kadi, midomo ikitembea.

"Watu Wenye Milango, juzuu sita, zimekamilika. Michoro ya kuchongwa, dunia ambayo hujawahi kulala ndani yake. Usikisome peke yako. Ameandika Tokiko, wa Morioka."

— Tokiko ni nani? akauliza.

— Mimi.

Akalitamka polepole, mara mbili.

— Toa simu, nikasema. Piga picha.

— Hapana. Niliapa.

— Safari hii umeambiwa na mwenyewe. Tuma na jina lote, watu elfu arobaini wasome. Atakayekuja kwa ubaya atakuta duka zima linajua sura yake.

Akaitoa simu kwa mkono wake mgonjwa. Nikaenda nikasimama pembeni ya kadi, nywele zimeloa, pua yangu iliyopinda inatazama barabara. Picha ya kwanza ilitoka na ukungu. Nikamwambia apige nyingine.