Pete ya Kwanza ya Komba

"Ipumulie," muuza vito Pa Santigie alisema. "Kama mtu anayesafisha miwani. Kioo kitaushika mvuke, kitakaa nao. Almasi haiukubali, inaufukuza papo hapo."

Komba Yongai akaipumulia pete ya kwanza, ile ya bandia iliyowekwa dukani kwa ajili ya kuwafundishia wageni wa mambo kama yeye. Jiwe likafifia, likabaki limefifia. Akaipumulia ya pili, ukungu ukaondoka kabla hajafumba mdomo. Akaipumulia ya tatu, nayo ikaufukuza mvuke vilevile, safi kabisa, na Pa Santigie akageuka kutafuta mizani yake ndogo. Ndipo lile jiwe likaingia ukungu tena. Komba alikuwa amefumba mdomo. Kiduara cha mvuke kilitokea katikati ya jiwe, kikaondoka, kikatokea tena, kana kwamba upande wa pili kuna mtu naye anapumulia.

Mwenye akili angeirudisha pete mezani, akaaga, akaenda zake. Lakini nani kakudanganya kwamba mwanamume anayetaka kuoa ana akili?

"Kwa mnunuzi wa kwanza, chukua hii ya pili," Pa Santigie alishauri. "Ina umanjano kwa mbali, lakini ni ya kweli. Usishindane na jiwe, mwanangu."

"Na hii nyingine?"

Mzee akajikuna shingo. "Hiyo imerudishwa mara mbili. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Mimi miaka arobaini mjini Freetown sijaona jiwe safi kama hilo. Tena lilichimbwa kwenu, Kono, miaka saba iliyopita."

"Basi ndilo langu," Komba akasema, na akiba yake yote aliyoipata kwa kutengeneza majokofu ya watu ikabaki pale juu ya meza.

Msimcheke sana. Alikuwa amechokozwa. Anti Jokotade, shangazi wa mchumba wake Iyamide, alishamwambia mbele ya watu: "Mtu wa Kono aje hapa na pete ya kioo? Ama kweli, penye miti hapana wajenzi!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kijana amezaliwa kwenye wilaya ambayo watoto huchezea changarawe ya almasi, na hajawahi kununua pete hata ya bati. Aibu ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kibuyu cha posa, kinachobeba pete na zawadi za uchumba, kilikuwa kipelekwe kwa kina Iyamide siku ya Jumamosi, wiki mbili mbele. Komba akaifungia pete kabatini. Kesho yake mchana, jua likiwa kali na mtaa mzima ukikaanga samaki, chumba chake kilinuka tope. Si tope la mvua. Lilikuwa tope la chini, lile la shimoni, lenye baridi, ambalo halijaona jua tangu dunia iumbwe. Akafagia, akamwaga dawa ya choo, harufu ikabaki palepale. Halafu akaanza kusikia sauti kabatini: chwa, chwa, chwa. Kitu kinazungushwa majini. Mtoto yeyote wa Kono anaijua sauti hiyo. Ni chekecheke la kuoshea changarawe.

Iyamide alikuja na bakuli la wali na kisamvu. Yeye alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, tena mbishi kuliko shangazi yake.

"Hebu nione."

"Hairuhusiwi kabla ya siku yenyewe."

"Nani atakayesema? Wewe? Lete hapa."

Akaivaa. Ilikuwa imepimwa sawasawa na kidole chake, Komba alikuwa amekipima kwa uzi mwenyewe akiwa amelala. Lakini mara tu ilipofika mahali pake Iyamide akaacha kucheka.

"Komba. Inabana."

"Itoe."

"Haitoki. Komba, inabana, itoe!"

Wakatumia sabuni, wakatumia mafuta ya mawese, Komba akavuta huku Iyamide amemng'ata bega asije akapiga kelele majirani wakajaa. Ilipotoka, kidole kilikuwa cheupe na kimekunjamana, kama vidole vya mtu aliyeshinda majini tangu alfajiri. Vile vingine tisa vilikuwa vizima.

"Kuna mtu amesema nami," Iyamide akanong'ona. "Ilipokuwa inabana. Mwanamke. Amesema, 'Vua, si yako. Muulize aliniambia nini.'" Akamkazia macho. "Ulimwambia nini, Komba? Ulimwambia nani?"

Komba akakaa chini sakafuni. Akasema yote kwa sauti ya chini, huku akilitazama kabati.

Miaka saba nyuma alikuwa mchimbaji kwao. Almasi za Kono zina wenyewe, na wenyewe si serikali. Kabla ya kuosha changarawe, mkuu wa kundi hutoa sadaka ya kokwa nyekundu za kola na kuku mweupe, na huwaonya vijana wake: kwenye maji haya omba, lakini usiahidi usichoweza kuleta. Komba alikuwa na miezi minne hajapata hata punje. Siku hiyo, wenzake wakimtania kwamba hata mashetani wa mto hawamtaki, akasimama kwenye maji mpaka kiunoni, akatandaza mikono na kupaza sauti: "Bibi wa maji, nipe moja tu! Pete ya kwanza nitakayonunua maishani nitaivika kidoleni kwako. Nitakuoa wewe kabla ya mwanamke mwingine!" Wenzake walianguka kwa kicheko. Mkuu wa kundi peke yake hakucheka.

Chekecheke la nne likatoka na jiwe.

"Nikaliuza, nikaja huku, nikasomea ufundi. Sikurudi hata kusema asante. Ni lilelile, Iyamide. Limekatwa, limesuguliwa, lakini ni lilelile."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," Iyamide akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ulimposa, Komba. Ulimposa mtu, ukala mahari yake, ukamkimbia. Mimi ningekuua."

Wakaenda wote wawili kwa Karamoko Silla, mwalimu anayeandika aya kwenye ubao, akaziosha, watu wakanywa maji yake. Aliisikiliza ile pete sikioni kama mtu asikilizaye saa. Kisha akaiweka chini haraka.

"Huyu hataki kuku," akasema. "Hataki kola. Anataka alichoahidiwa. Rudi Kono, ingia maji yaleyale, itie pete majini kwa mkono wako mwenyewe, uombe radhi. Atakuacha. Ana hasira, lakini si mwizi, hachukui zaidi ya chake."

"Na nisipoenda?"

"Umemdanganya mara moja. Ukimdanganya mara ya pili, atakuja kujichukulia mwenyewe. Na hapo usinijie, maana sina dawa ya mtu aliyekula kiapo kwa kinywa chake."

Njiani Iyamide alimshika mkono. "Nenda. Shangazi nitamwambia mimi. Niletee pete ya shaba, niletee ya uzi, sijali. Nakutaka wewe, sitaki jiwe."

Hayo ndiyo maneno aliyoambiwa, na ninayarudia ili msije mkasema hakuonywa. Lakini Komba alilala akimfikiria Anti Jokotade, na kile kicheko, na pete ya shaba ikitolewa kwenye kibuyu chake mbele ya ukoo mzima. Asubuhi akaenda sokoni, akanunua pete ya shaba kwa bei ya mkate. Akateremka chini ya daraja, penye kijito cha maji machafu, akatazama huku na huku, akasema haraka haraka: "Bibi wa maji, hii hapa. Hii ndiyo pete yangu ya kwanza. Tumemalizana." Akaitupa.

Haikutoa sauti ya kuanguka. Alisubiri, akasubiri, kama vile ilidakwa hewani. Akapanda juu akikimbia.

Lakini chumba kikatulia. Harufu ikaondoka, kabati likanyamaza, na Komba akamwambia Iyamide kwamba amefika Kono na kurudi, na kwamba yule bibi ameridhika na kurudisha jiwe, na pete hiyo sasa ni yake. Akamdanganya na yeye pia. Iyamide akamkumbatia kwa furaha, maskini.

Jumamosi ikafika. Mposaji haendi na kibuyu. Hukaa kwake akangoja habari, na ndugu zake ndio huenda kumsemea. Aliyeongoza msafara alikuwa baba yake mdogo, Pa Tamba, amevaa kanzu mpya na ameubeba ulimi wake mtamu. Wakagonga saa tisa mchana.

"Nyie kina nani?" Anti Jokotade akauliza kwa ndani, kama desturi inavyotaka. "Mbona mnagonga nyumba za watu?"

"Wapita njia, mama. Tumeona waridi zuri kwenye bustani yenu, tumekuja kuliomba."

"Hapa hatuuzi maua!"

Vicheko. Mlango ukafunguliwa, wakakaa, kibuyu kikawekwa katikati kikiwa na kola, sindano, uzi, Biblia ndogo, na pete juu yake. Kwanza, kama desturi, hutolewa waridi za utani kabla ya ile ya kweli; ya kwanza ikatoka chumbani imefunikwa kitambaa: mtoto wa miaka sita. "Hili bado halijachanua," Pa Tamba akasema, akampa sarafu. La pili, jirani mwenye mimba ya miezi minane. "Ah, hili limekwisha chumwa!" La tatu, bibi yake Iyamide mwenyewe, anatembea kwa maringo na fimbo. "Hili, mama, lina harufu nzuri, lakini miiba yake siiwezi." Nyumba ikalipuka kwa kicheko, bibi akagoma kuondoka mpaka aongezwe sarafu.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa mara ya nne.

Aliyetoka alikuwa amefunikwa kitambaa cheupe mpaka miguuni, mrefu kama Iyamide, anatembea kama Iyamide, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amechoka kusubiri na ana hamu ya kuona, hakuna aliyejali kwamba pindo la kitambaa lilikuwa limelowa, wala kwamba mbwa wa nyumba alikuwa amesimama uani akitetemeka bila kubweka, wala kwamba Anti Jokotade, ambaye ndiye mwenye kuruhusu kila waridi litoke, alikuwa amegeuka kumtazama binamu wa Iyamide, mshika mlango wa chumbani, kwa mshangao kana kwamba anauliza, "Nani amemruhusu huyu mapema hivi?" Pa Tamba akafunua. Uso ulikuwa wa Iyamide, unatabasamu.

"Hili!" akapaza sauti. "Hili ndilo waridi letu!"

Akaichukua pete kutoka kwenye kibuyu, akamvika. Ikaingia bila kusukumwa.

"Mwanangu," Anti Jokotade akauliza kwa sauti ya desturi, "tukipokee kibuyu hiki?"

"Kipokeeni," akajibu. "Miaka saba nakingoja."

Wengine wakadhani ni utani wa mwari, wakapiga makofi, wakaanza kuimba. Kibuyu kikanyanyuliwa, kikapelekwa ndani, na kibuyu kikishavuka mlango ule hakuna anayeweza kukirudisha, awe mchungaji, awe hakimu. Ndipo ukasikika mlango wa chumbani ukigongwa kwa ndani.

"Anti! Nani kafunga huku? Mtanitoa lini? Joto linaniua!"

Ilikuwa sauti ya Iyamide.

Waimbaji wakaacha mmoja mmoja, kuanzia mbele hadi nyuma. Wakatazama kiti cha waridi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelala juu yake, kinachuruzika maji. Mwanamke hakuwepo. Pete haikuwepo.

Binamu akamfungulia Iyamide. Alipoziona nyuso zao hakuuliza mara mbili. "Nani amevishwa?" akasema tu, na Pa Tamba, mzee mzima, akajifunika uso kwa kanzu yake mpya.

"Ongea nasi, mwanangu," shangazi yake akamsihi. "Tufanye nini?"

"Hakwenda Kono," Iyamide akasema. "Mshenzi yule hakwenda."

Akatoka pekupeku, na gauni lake la uposo, akikimbia mitaa mitatu huku watu wakimshangilia kwa kudhani ni sherehe, na kila hatua alikuwa akimtukana Komba na kumuombea kwa pumzi ileile, Mungu wangu, nimkute tu, nimkute hai, hata akiwa kichaa nitamchukua. Akafika. Akagonga kwa viganja vyote viwili.

"Komba! Komba, ni mimi! Fungua!"

Komba akafungua. Alikuwa mzima. Amenyoa, amevaa shati safi, uso umetulia kama wa mtu aliyeshiba. Nyuma yake mapazia yote yalikuwa yamefungwa. Alimtazama Iyamide kuanzia nywele hadi miguu yake yenye vumbi, kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepotea nyumba.

"Samahani, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Naomba usipige kelele. Mke wangu ndiyo kwanza amefika, amechoka na safari."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.