Pengo la Wimbo wa Mwisho

"Mjukuu wangu, huyo mwanamume mbona humngoji?" Bibi alifoka kwenye simu.

"Mwanamume gani tena, Bibi?"

"Wa wimbo wa mwisho! Unamuuliza, 'Nifunge mlango, au unakuja?' Hajameza hata mate, umeshafunga. Mimi sikukufundisha hivyo."

Nikakaa kitandani. Albamu yangu ya kwanza ilikuwa imetoka asubuhi hiyo: nyimbo za kale alizonifundisha Bibi, nimezirekodi chumbani kwangu, blanketi limeziba dirisha, nimezitoa mwenyewe bila kampuni. Mchumba wangu, fundi wa sauti anayezunguka na bendi miji ya mbali, ndiye aliyezisafisha na kuziweka mtandaoni. Nyimbo hizo ni za kupokezana. Katika ule wa mwisho mwanamke huuliza, kisha hunyamaza mpaka mwanamume aitike.

Nilipomtumia mchumba wangu nyimbo hizo nilimwandikia: "Wa mwisho ni wako. Nimekuachia nafasi."

Akajibu: "Poa, mpenzi."

Tangu siku hiyo nilikuwa nasubiri sauti yake.

Nikausikiliza. Swali langu, na papo hapo mlango unafungwa. Nikampigia mchumba wangu.

"Hongera, supastaa!"

"Wimbo wa mwisho umeufanya nini?"

"Wapi?"

"Pale nilipouliza, nikanyamaza."

"Aaa, lile pengo? Nililikata. Watu wangedhani simu zao zimezima."

"Lilikuwa lako."

"Langu kivipi?"

"Nilikuwa nakuuliza kama utarudi."

Nyuma yake watu walikuwa wakijaribu maspika.

"Mpenzi, kazi zilinibana. Nilikata kwa macho tu, naangalia mawimbi ya sauti kwenye skrini."

"Niimbie huo mstari."

"Si ule wa... mambo ya mlango?"

"Niimbie."

Akacheka kidogo, akakohoa, akashindwa. Wimbo wangu ameusugua mpaka ukang'aa, na hajui hata mstari mmoja! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nilikuwa mpweke hata zile siku tulizokaa chumba kimoja.

"Niulize tena sasa hivi. Nitajibu."

"Nimeshafunga, Fundi. Na wewe ndiye uliyenifungisha."

Nikakata simu. Nikauchukua wimbo wenyewe, ule ambao haukuguswa, nikaupandisha mtandaoni badala ya ule wake.

Jioni Bibi akapiga tena.

"Sasa hapo sawa! Nimemjibia huyo bwana wako, maana naona ana maringo."

Akaniimbia kwa sauti nzito ya kiume: "Acha wazi, naja!" Nikacheka huku machozi yananitoka, nikamwambia ni mafua.

Alipokata, chumba kikawa kimya. Nikauweka ule wimbo, nikaisikia sauti yangu ikiuliza. Pengo likafika.

Na pamoja na yote aliyonifanyia Fundi, nikajikuta bado namngoja.