Bolti Tatu Zilizorudishwa

Mzee Spana, fundi mstaafu, aligundua wizi kwa kujikwaa. Bampa jeupe la gari lake lilikuwa chini uani, jua limeshachomoza, naye akaanguka juu yake akiwa na begi la shule la mjukuu mkononi.

Inspekta alipofika, mzee alikuwa amemkunja shati fundi jirani.

“Mtie pingu! Nani mwingine ana spana mtaa huu?”

“Shikamoo, baba. Mwachie kwanza.”

Inspekta alipiga magoti mbele ya gari. Rada, lile jicho linalopima umbali na kulifanya gari lipunguze mwendo lenyewe, ilining'inia kwenye waya, nzima. Kilichoibwa ni braketi tu, kipande cha chuma kinachoishikilia.

Mwizi gani huacha saa akaiba mkanda wake?

Kisha akaona bolti tatu. Zilikuwa zimerudishwa kwenye matundu yake, zimekazwa kwa vidole.

“Gusa hapa, baba.”

Mzee alizipapasa. Sauti yake ikashuka. “Ukitoa chuma, rudisha bolti zisipotee. Mimi hufundisha hivyo.”

“Ulimfundisha huyu?”

“Huyu? Huyu bolti huzitia mfukoni, na mfuko wenyewe umetoboka!”

“Basi ulimfundisha nani?”

Mzee aliziachia bolti. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameutia mfukoni. Inspekta aliomba kimoyomoyo, kama afanyavyo kabla ya swali ambalo jibu lake analiogopa.

“Dada, braketi iko wapi?”

“Mwacheni fundi wa watu,” binti alisema. “Ni mimi. Juzi nilikaa kando ya baba. Lori lilisimama mbele yetu, hakugusa breki. Gari lilijisimamisha lenyewe. Amezoea kusinzia, afande! Nikamsihi asiendeshe, akanifokea. Funguo analala nazo. Na leo alikuwa ampeleke mwanangu shule. Nikajua gari lililofunguliwa hataliendesha.”

Akatoa braketi mfukoni, akaifikisha mbele ya baba yake. “Chukua. Nisamehe.”

Mkono wa mzee ulishika hewa, shibiri moja kando.

Inspekta aliligeukia lile bampa jeupe.

“Tangu lini, baba?”

Mzee alikaa chini polepole.

“Mwaka sasa. Sikusinzia, mwanangu. Lori sikuliona. Gari ndilo lililokuwa likiniangalizia njia.”

Akatoa funguo, akanyoosha mkono nazo kule ilikotoka sauti ya binti yake.