Visiki vya Delu

Kila mwaka kabla ya mvua, Delu alifagia shamba lake. Naam, alilifagia kama mtu anavyofagia uwanja. Kila chipukizi lililotoka kwenye kisiki alilikata, akalichoma. Marehemu mumewe alifanya hivyo hivyo. Kijiji chote kilisema shamba lenye vichaka ni la mvivu.

Lakini upepo ulileta mchanga, ukafukia miche ya uwele. Delu akapanda upya. Ukafukia tena. Majirani wakahama mmoja mmoja. Jioni alipika ugali wa watu wawili, kwa mazoea tu, akala peke yake. Jamani, upweke! Siku moja alimsimulia mbuzi habari zake, na mbuzi akaondoka zake.

Mwanawe alikuwa mjini Niamey, akibeba mizigo sokoni. Akapiga simu.

"Mama, mwakani nakuja kukuchukua. Huko utakufa njaa."

"Na nyumba ya baba yako nimwachie nani, wewe?"

Hakumtaja jina. Kwao mama hamtaji jina mtoto wake wa kwanza, ni aibu. Tangu azaliwe alimwita "wewe" tu.

Asubuhi moja Zuera, mwenye shamba la pili, alipita.

"Shoga, umefagia tena? Unamtandikia nani, upepo?"

Delu akanuna. "Heri usafi kuliko pori lako."

"Pori langu linanilisha. Hebu njoo." Zuera akainama kwenye kisiki. "Unadhani kimekufa? Mizizi iko hai. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka, kata mengine. Yakikua yatavunja nguvu ya upepo. Majani yakidondoka yatarutubisha udongo."

"Na kivuli je? Si kitaua uwele?"

"Pogoa matawi ya chini. Na usiache miti ikasongamana."

"Watu watanicheka."

"Watu gani, shoga? Si wamehama wote!"

Delu akacheka. Kisha machozi yakamtoka, maana ilikuwa kweli.

Tangu siku ile hakufagia tena. Machipukizi yakafika kifuani. Mchanga ulikuja, lakini haukufukia kila kitu. Alivuna kidogo, ila alivuna.

Kabla ya mvua nyingine, mwanawe akafika kumchukua. Njiani watu walimwambia shamba la mama yake limekuwa pori. Akamhurumia. Alidhani nguvu zimemwishia. Hata nyumbani hakupita. Akashika panga, akaenda moja kwa moja kumsafishia shamba.

Delu alisikia panga likilia. Akatoka mbio, khanga ikamdondoka njiani. Mti mmoja ulikuwa umeshalala chini. Panga lilikuwa juu ya wa pili.

"Sabiu!"

Panga likabaki hewani. Kijana akageuka, macho yamemtoka.

"Mama... umeniita?"

"Nimekuita! Acha miti yangu! Nikiikosa hiyo, ndipo utanibeba kweli hadi Niamey!"

Akamshika mkono, akampeleka ghalani. Sabiu akachota uwele, akauacha uchuruzike kati ya vidole vyake. Mama yake akamweleza yote, kuanzia mizizi hadi majani.

Wakarudi shambani. Sabiu akachuchumaa kwenye kisiki kingine.

"Haya, Mama. Nikate lipi, niache lipi?"

Delu akamwonyesha.

Jioni ile ugali wa watu wawili uliisha.